Imefutwa na Nani?

Kijana alinijia jioni, simu ameishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba bakuli la uji wa moto. Miezi miwili kabla, chuo kimoja cha ng'ambo kilikuwa kimempa nafasi ya masomo, na nusu ya mtaa wetu hapo Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, ilikuwa imeshakula karanga za kumpongeza. Sasa chuo kilikuwa kimeandika tena. Barua yenyewe mistari minne, na katikati yake neno ambalo hajawahi kukutana nalo: "rescind". Alilisoma kwa sauti, masikio yake yakasikia "resend", akaelewa kwamba wanamtumia barua ya nafasi mara ya pili, pengine ile ya kwanza ilikosewa jina. Akajibu palepale: asanteni sana, naisubiri.

Zikapita siku tisa ndipo akanitafuta. "Mwalimu, hawa watu walisema wanatuma tena. Mbona kimya?"

Niliisoma ile mistari minne mara mbili, na si kwamba sikuielewa. Nikamwambia: wameifuta. Akatulia kidogo, kisha akauliza: "Wameifuta, yaani sikuwahi kuipata? Au niliipata wakaninyang'anya? Na ile pesa ya maombi niliyolipa, inarudi?"

Sikuwa na jibu hata moja. Nilimpa kitenzi cha Kiswahili kwa haraka, kama mwenye duka anayekurudishia chenji ya peremende kwa kukosa sarafu. Tangu siku ile nimekuwa nikiisikiliza Dzaleka, na Lilongwe ninakoishi sasa, kwa sikio jingine. Watu wanaambiwa jambo lao "limefutwa" kila wiki. Kesi imefutwa, amri imefutwa, safari imefutwa, mgao umefutwa. Mara nyingi hakuna kilichofutwa. Kuna kilichosimamishwa, kuna kilichotenguliwa, kuna kilichobatilishwa, na tofauti baina ya hivyo ndiyo inayoamua kama mtu auze godoro lake au alitunze, akate rufaa au anyamaze.

Tuanze na hilo neno lililomponza kijana. Herufi c haitamkwi, na ndiyo maana sikio lilidanganyika. Asili yake ni Kilatini: "scindere", kukata au kupasua, ikatanguliwa na kiambishi cha kurudisha nyuma. Jambo la kufurahisha, kama lipo la kufurahisha hapa, ni kwamba Wakongo wa Kivu waliojaa kambini, ambao wengi hawana habari na Kilatini, hulitafsiri sawasawa. Husema: "Kesi yake wamekata." Hawasemi imefutwa wala imebatilika. Wamekata. Kuna mkono ulioshika kisu, na kuna kamba iliyokuwa imefika mahali.

Kiingereza hakimruhusu kila mtu kukitumia kitenzi hiki. Muuza nyanya wa sokoni aliyekuahidi ndoo moja kwa bei ya jana, akikataa leo, amebadili mawazo tu, au kwa Kiswahili safi ameghairi. Kitenzi hiki ni cha wenye mihuri: serikali, bodi, chuo, mwajiri, bunge. Anayekitumia lazima awe na mamlaka juu ya kile alichokitoa mwanzo. Na kinachokatwa lazima kiwe tamko: nafasi, amri, mwaliko, azimio, mkataba, ruhusa. Basi la saa mbili halikatwi kwa kitenzi hiki, wala kikao cha Jumanne. Hivyo vina neno lao la kawaida, "cancel", ambalo nalo linatokana na wavu wa fito, kwa ile mistari ya kupishana ambayo makarani wa zamani walichora juu ya maandishi wasiyoyataka. Leseni na uraia huwa vinaitwa virudi, "revoke". Sheria ya bunge huondolewa na bunge, "repeal". Ndoa na uchaguzi hufanywa kuwa si kitu, "annul". Yote hayo yakifika kwenye mlango wa nyumba ya matofali mabichi huko Dzaleka, yanakuwa neno moja.

Si kwamba Kiswahili ni maskini. Ni lugha ambayo imetia kufungua ndani ya kufunga. Unachokunja unaweza kukikunjua, unachopanga unaweza kukipangua, mtego unaoutega unateguliwa, na mafumbo yakifumbwa yanafumbuliwa. Kile kimkia kidogo cha "-ua" kinabeba falsafa nzima: tendo lililotendwa lina njia yake ya kurudi, na njia hiyo inapita palepale lilipopita mwanzo. Majirani zetu wa Kichewa wanakijua kimkia hicho. Mlango wao hufungwa kwa kutseka na kufunguliwa kwa kutsegula. Ndani ya ukoo huohuo wa sauti tunakutana na kutangua na kutengua. Mwislamu yeyote wa pwani anakijua kitenzi hicho cha kutengua kutoka kwenye udhu: ukitenguka, haina maana kwamba hukuwahi kutawadha. Ulitawadha, ulikuwa na udhu, sasa huna, nenda ukachukue mwingine. Mtanzania anakijua kutoka kwenye taarifa za Ikulu, zile za "uteuzi wake umetenguliwa", na hapo pia hakuna anayedai kwamba yule bwana hakuwahi kuwa mkuu wa wilaya. Alikuwa. Picha zake akikata utepe zipo.

Kubatilisha ni jambo jingine. Neno limekuja na sheria za Kiarabu, na linasema kwamba kitu hakikuwa na nguvu tangu mzizi. Kilionekana kipo, hakikuwapo. Kusitisha ni kuweka jiwe chini ya gurudumu, gari bado ni gari. Na kufuta? Kufuta ni kazi ya ubaoni. Ukifuta, vumbi la chaki linaruka, na anayeingia darasani baadaye hawezi kujua paliandikwa nini, wala nani aliyefuta. Labda ndiyo sababu ofisi zinalipenda.

Niseme hapa kuhusu jina la mahali penyewe, maana linaingia kwenye hadithi hii lenyewe. Dzaleka iko kiasi cha kilomita 40 na ushei kutoka Lilongwe, wilayani Dowa. Kabla ya kuwa kambi mwaka 1994 ilikuwa gereza, na wakati wa utawala wa Kamuzu Banda wafungwa wa kisiasa walipelekwa huko. Jina lake hufasiriwa kuwa ni kauli ya mfungwa: nitaacha, sitarudia tena. Kuleka ni kuacha kwa Kichewa, na Mrundi anayesema kureka haoni ugeni wowote. Basi zaidi ya watu 50,000, katika eneo lililopangwa kwa watu kama 10,000 hadi 12,000, wanalala kila usiku ndani ya kitenzi cha kuacha. Mtu anayekaa hapo miaka ishirini huwa ameshaacha vingi, na kila kimoja kimetangazwa kwa karatasi.

Aprili 2021 serikali ya Malawi iliwataka wakimbizi wanaoishi mijini warudi kambini kabla ya tarehe 28 ya mwezi huo. Msingi wa amri ile ni wa zamani: Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, mnamo Desemba 1987, iliweka pingamizi kwenye vifungu kadhaa, kikiwamo cha ajira na kile cha 26 kinachohusu uhuru wa kutembea. Wenye maduka Lilongwe walianza kufunga mizigo. Kisha Mahakama Kuu ikaizuia amri hiyo ili shauri lisikilizwe. Nakumbuka nilivyoipata habari: rafiki yangu mwenye duka la sukari, sabuni na mafuta alinipigia akicheka, "Mwalimu, imefutwa!" Mtaani wote walisema hivyo. Wengine waliongeza bidhaa, mmoja nimjuaye akalipa kodi ya mwaka mzima.

Amri ile haikufutwa. Ilisitishwa, na kilichositishwa kinaweza kuondolewa jiwe. Tarehe 27 Machi 2023 waziri wa usalama wa ndani wa wakati huo, Ken Zikhale Ng'oma, alitangaza amri ileile upya na kuweka mwisho wa tarehe 15 Aprili. Mwezi Mei polisi waliingia mitaani Lilongwe. Watu walikamatwa na wengine wakapelekwa gereza la Maula, wakiwamo watoto, kabla ya kusafirishwa hadi Dzaleka. Maduka yalifungwa, na bidhaa nyingi hazikumfuata mwenyewe. Rafiki yangu sasa anauza sabuni kambini, vipande, si katoni.

Sisemi kwamba kitenzi ndicho kilichomfilisi. Nasema kwamba mwaka 2021, kama mmoja wetu tuliojua Kiingereza cha mahakama angesimama sokoni na kusema "imesimamishwa, haijafutwa, wekeni akiba, msiongeze mzigo", yule aliyelipa kodi ya mwaka asingelipa. Mimi nilikuwa mmoja wa waliojua. Sikusema, kwa sababu kila mtu alikuwa anafurahi.

Malawi yenyewe, kwa bahati ya ajabu, iliwahi kuupa ulimwengu somo la darasa la kwanza kuhusu kufuta na kubatilisha. Baada ya uchaguzi wa rais wa tarehe 21 Mei 2019 zilionekana karatasi za matokeo ambazo tarakimu zake zilikuwa zimepakwa wino mweupe wa kusahihishia, ule wa Tipp-Ex tunaoujua kutoka maofisini, na juu yake zimeandikwa tarakimu nyingine. Peter Mutharika alitangazwa mshindi kwa asilimia 38.57, Lazarus Chakwera akimfuata kwa 35.41. Watu walikaa barabarani kwa miezi. Tarehe 3 Februari 2020 majaji watano walifika mahakamani Lilongwe chini ya ulinzi wa jeshi, wamevaa fulana za kuzuia risasi, wakasoma hukumu ya kurasa kama 500. Uchaguzi ukabatilishwa. Kenya ilikuwa imetangulia, tarehe 1 Septemba 2017, pale Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ilipoubatilisha ule wa Agosti.

Wasomaji wa magazeti wanakumbuka wino mweupe na zile fulana. Mimi kilichonishika zaidi ni jambo ambalo halikupigwa picha. Majaji hawakuishia kwenye kusema kwamba uchaguzi si kitu. Walijiuliza: kama si kitu, basi nani yuko ofisini leo jioni? Wakajibu kwamba hali inarudi kama ilivyokuwa kabla ya kura. Mutharika akaendelea kama rais wa kipindi kilichotangulia hadi uchaguzi wa marudio, na umakamu wa rais ukarudi kwa Saulos Chilima aliyeushika kabla ya uchaguzi ule. Everton Chimulirenji, aliyeapishwa kuwa makamu mwaka 2019, alitoka. Kiti chake kilikuwa batili, kwa hiyo kilikuwa cha mwenzake muda wote ule. Juni 23, 2020 kura ikapigwa upya na Chakwera akashinda. Mutharika alikuja kurudi Ikulu kwa kura ya Septemba 2025, lakini hiyo ni habari nyingine.

Wino mweupe ulifuta, mahakama ikabatilisha. Aliyepaka wino hakuacha jina lake wala hakusema ile kura ya chini imeenda wapi. Majaji waliandika majina yao, sababu zao, na kilichorudi kwa nani.

Hapo ndipo ninapoliona pengo la tafsiri zetu, na tusiende mbali kutafuta kipimo, maana wazee wa Kiswahili wanacho. Nenda kwa kadhi, Zanzibar au Mombasa, na ndoa iliyoharibika. Hakuambii tu kwamba ndoa imekwisha. Atataka kujua imekwishaje. Mume ametoa talaka? Mke amejivua kwa khului? Au kadhi mwenyewe anaifasakhi kwa sababu iliyothibitika? Matokeo kwa mwanamke si mamoja, na kila mwenyeji wa barazani anajua swali linalofuata: mahari inarudi? Kwenye khului mke hurudisha alichopewa ili awe huru. Mume akitoa talaka baada ya kumwingilia mkewe, mahari ni haki ya mke. Kwetu upande wa Kongo, kwa desturi zisizo na kadhi wala kitabu, kikao cha wazee huhesabu mbuzi na pesa za mahari mmoja mmoja kabla ndoa haijahesabiwa kuwa imevunjika. Mwenye kuvunja asiporudisha, kijiji kinasema bado ni mke wake.

Sheria ya mikataba ya Kiingereza, ambayo Malawi iliirithi kwa Waingereza kama ilivyorithi kuendesha magari upande wa kushoto, inasema jambo lilelile kwa lugha ya wigi. Mkataba ukikatwa kwa kitenzi chetu hiki, wahusika wanatakiwa warudishwe pale walipokuwa kabla hawajatia saini. Kila mmoja arudishe alichopokea. Isipowezekana kurudisha, mahakama inaweza kukataa kabisa kukata, maana maji yaliyomwagika hayazoleki na hakimu hawezi kujifanya yamezoleka. Kwa hiyo yule kijana alikuwa mwanasheria kuliko mimi. Swali lake la tatu, la pesa ya maombi, ndilo kiini cha neno.

Tarehe 20 Januari 2025, Donald Trump aliapishwa Washington, na miongoni mwa amri alizotia saini siku ileile ilikuwamo moja yenye kitenzi chetu kwenye kichwa chake, kikiwa nomino ya wingi: "Rescissions". Ilikata amri na maagizo 78 ya mtangulizi wake. Ajabu ya makarani ni kwamba kichwa kinasema kukata, na ukishuka ndani, orodha yenyewe inasema vitu hivyo vimeitwa virudi, "revoked". Hata wenye lugha yao wanachanganya. Amri nyingine ya siku hiyohiyo ilihusu wakimbizi. Hiyo haikukata. Ilisitisha mpango wa kuwapokea, kuanzia tarehe 27 Januari. Na kabla hata tarehe hiyo haijafika, safari zilizokuwa zimepangwa zilianza kuondolewa. Vitenzi vitatu ndani ya wiki moja: maagizo ya zamani yamekatwa, mpango umesitishwa, tiketi zimeondolewa.

Dzaleka ilifika sentensi moja: "Amerika imefutwa."

Kuna mama mmoja, jirani wa dada yangu, ambaye kesi yake ya kuhamia Amerika ilikuwa imeanza akiwa na mtoto mmoja na sasa ana wanne. Alishafanya intavyu, alishafanya medikali, alishaambiwa ajiandae. Mtu akiambiwa ajiandae Dzaleka, anauza. Hauzi kwa tamaa. Mzigo wa ndege una kilo zake na nyumba haipandi ndege. Aliuza cherehani ya miguu, mabati mawili ya ziada, kuku, na zamu yake kwenye kikundi cha kuchangiana. Sina haja ya kutia chumvi hapa. Kinachonikera ni ujumbe uliomfikia: kwamba safari imefutwa, basi. Haukusema kwamba mpango umesitishwa na kwamba faili lake halijatupwa. Haukusema aliyeamua ni nani. Yeye aliamini amekosea jibu fulani kwenye intavyu, akakaa wiki nzima akikumbuka maswali. Mumewe alimlaumu kwa tarehe ya kuzaliwa ya mtoto wa pili ambayo aliwahi kuisahau mbele ya afisa.

Laiti angeambiwa: rais wa nchi ile amesimamisha kupokea wakimbizi wote, wa kila bara, wewe hukukosea lolote. Sentensi ya maneno kumi na tano au hivi. Ingemwachia nyumba yenye amani, hata kama haina cherehani.

Mambo yaliendelea kujikoroga baada ya hapo, kwa kweli hata mimi nilihitaji daftari. Tarehe 25 Februari 2025 jaji wa Seattle, Jamal Whitehead, aliizuia amri ile. Siku iliyofuata serikali ya Trump ikayaandikia mashirika ya kupokea wakimbizi kwamba mikataba yao imekatishwa. Mwezi Machi mahakama ya rufaa ikalipunguza zuio la jaji. Kila habari ilipofika kambini ilikuwa ni ama "imerudi" au "imefutwa tena", na kila moja ilikuwa na watu walioamini na kutenda. Mwezi Julai bunge la Amerika likapitisha sheria ya kurudisha nyuma fedha zilizokwisha kuidhinishwa, takriban dola bilioni 9, nyingi za misaada ya nje, na sheria hiyo nayo imebeba jina la kitenzi hikihiki. Mwishoni mwa Oktoba kiwango cha mwaka mzima kikatangazwa: watu 7,500, kutoka 125,000 cha mwaka uliotangulia, na wengi wao wakitarajiwa kuwa Waafrika Kusini weupe. Hapo sasa hata sentensi yangu ya maneno kumi na tano ingehitaji kurekebishwa, na mama yule angestahili kuletewa rekebisho hilo mlangoni.

Kuna Wanyarwanda wa Dzaleka ambao wangeweza kunisahihisha kwa kusema kwamba maneno haya wao wameyajua zamani. Kweli. Shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa lilipendekeza kwamba hadhi ya ukimbizi ya Wanyarwanda waliokimbia kati ya 1959 na mwisho wa 1998 ifikie ukomo kufikia tarehe 30 Juni 2013, kisha muda ukasogezwa hadi 31 Desemba 2017. Nimewasikia wazee wakisema, "Ukimbizi wetu walishaufuta." Lakini sheria ya wakimbizi inatenganisha mambo matatu kwa makusudi. Ukomo unasema: ulikuwa mkimbizi kweli, sababu zimeisha. Kubatilisha kunasema: hukustahili tangu siku ya kwanza, labda ulidanganya. Kutengua kunasema: ulistahili, lakini baadaye umetenda jambo zito linalokutoa. Mzee anayesema ukimbizi wake "umefutwa" anajivika bila kujua tuhuma ya uongo ambayo hakuna aliyemtuhumu. Miaka yake msituni inageuka kuwa kosa la karani. Haikufutwa, mzee wangu. Hata ukomo ukija, unakiri kwanza kwamba ulikimbia.

Najua nitaambiwa kwamba watu wana njaa na mimi nagawa vitenzi. Mgao umepungua, dawa ni za kubahatisha, na mwalimu anabishana na kamusi. Nakubali njaa haitibiwi kwa sarufi. Ila wenye njaa ndio hasa hawawezi kumudu kuuza cherehani kwa neno lililotafsiriwa vibaya. Tajiri wa Lilongwe akipokea barua yenye kitenzi cha Kilatini humpelekea wakili wake. Mkimbizi humpelekea kijana wa jirani aliyefika kidato cha nne, na kijana huyo, kama nilivyokuwa mimi jioni ile, atasema lililo karibu na ulimi.

Ndiyo maana lawama ya kwanza siitupi Washington wala Capital Hill ya Lilongwe. Ni yetu sisi wakalimani, walimu, watangazaji wa redio ya kambini, na waandishi wa magazeti ya Kiswahili tunaopenda kichwa cha habari chenye neno fupi. "Kufutwa" ni fupi, lakini pia lina kasoro ya sarufi tunayoifumbia macho: linasimama vizuri bila mtenda. Imefutwa. Nani kafuta? Kiswahili hakilazimishi tumtaje, na ofisi haina haraka ya kutukumbusha. Mkongo aliyesema "wamekata" aliacha angalau "wa-", nafasi ya mtu wa kuulizwa.

Yule kijana tulimwandikia chuo barua ya pili pamoja, kwa Kiingereza chake, nikisahihisha nukta tu. Aliuliza mambo matatu: nafasi ilikuwa halali au haikuwa, nani ameiondoa na kwa sababu gani, na ada inarudi lini. Jibu lilikuja baada ya siku nne. Nafasi ilikuwa halali. Iliondolewa kwa sababu hakuweza kuonyesha hati ya kusafiria kabla ya tarehe yao, na anaweza kuomba tena mwaka ujao bila kufanya mtihani upya. Ada hairudi. Alikasirika sana kuhusu ada, akaanza kushughulikia hati.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo, na nalielekeza kwa wote wanaobandika matangazo pale Dzaleka na kwenye milango ya ofisi za Lilongwe, wawe wa serikali, wa mashirika au wa makanisa. Mkiwaandikia watu tena kwamba jambo lao halipo, andikeni kwa Kiswahili kama limesimama, limetenguliwa au lilikuwa batili. Andikeni aliyeamua, tarehe aliyoamua, kinachorudishwa, na mlango wa kupeleka rufaa. Nafasi ipo. Matangazo yenu yote niliyoyaona yamechapwa upande mmoja wa karatasi.